Kuhamisha Onyesho la Muziki Kutoka London Hadi Broadway: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Kila inapotangazwa kwamba onyesho la zamani lililofufuliwa London linakwenda New York, wapenzi wa jukwaa huuliza maswali yaleyale. Nimeyakusanya hapa na kuyajibu kwa mifano ya maonyesho yaliyokwisha kuvuka. Yanaanza na mambo ya msingi na kuishia na yale yanayotatiza. Jambo likiwa limeshaelezwa mahali pengine, utaelekezwa huko.

## Mambo ya msingi

Kinachohamishwa ni nini hasa?

Wengi hudhani jukwaa huvunjwa vipandevipande London, likapakiwa kwenye meli na kuunganishwa tena New York, huku waigizaji walewale wakifuata kwa ndege. Mara nyingi sivyo. Kinachovuka bahari kwa uhakika ni haki ya kuonyesha, wazo la mwongozaji, michoro ya wabunifu, mpangilio wa muziki na densi, pamoja na watu wachache wenye nafasi kuu. Karibu mengine yote hujengwa, huajiriwa na kulipiwa upya.

Chukua *Sunset Boulevard* ya mwongozaji Jamie Lloyd. Ilifunguliwa katika ukumbi wa Savoy, London, mwaka 2023, ikazinduliwa katika ukumbi wa St. James, New York, Oktoba 20, 2024. Waigizaji 4 wa nafasi kuu walikwenda nayo: Nicole Scherzinger, Tom Francis, Grace Hodgett Young na David Thaxton. Jukwaa lilikuwa karibu tupu, moshi mwingi, mavazi meusi na meupe, na kamera zilizorusha nyuso za waigizaji kwenye skrini kubwa. Onyesho la namna hiyo husafiri vizuri kwa sababu uzito wake uko kwenye wazo. Onyesho hilohilo lilipozaliwa London mwaka 1993 lilikuwa na jumba la kifahari zima lililopanda na kushuka jukwaani kwa mitambo; kulihamisha lile lilikuwa kazi ya kihandisi.

Broadway na West End ni nini?

Broadway ni kumbi 41 za Manhattan, kila moja ikiwa na viti 500 au zaidi. Nyingi zimekusanyika karibu na Times Square. Vivian Beaumont iko mbali kidogo, katika kituo cha Lincoln Center. Ukumbi wenye viti pungufu ya 500 si Broadway hata ukiwa mlango wa pili, na onyesho lake halishindanii Tony, tuzo kuu za Broadway.

West End ni eneo la kumbi kubwa za biashara katikati ya London. Ila maonyesho mengi yanayoishia New York hayakuanzia huko. Yalianzia kumbi ndogo kama Donmar Warehouse yenye viti kama 250 na Menier Chocolate Factory yenye viti kama 180, au katika National Theatre inayopata ruzuku ya serikali, au nje kabisa ya London.

Onyesho "lililofufuliwa" lina tofauti gani na jipya?

Maandishi na nyimbo zake zilishawahi kuonyeshwa. Kilicho kipya ni namna ya kuliongoza. Kwa Tony tofauti hii ni kubwa, kwa sababu tangu 1994 kuna tuzo ya peke yake ya onyesho bora la muziki lililofufuliwa. Mshindi wa kwanza wa tuzo hiyo alitoka London: *Carousel* ya Nicholas Hytner, iliyoanzia National Theatre mwaka 1992 na kuletwa Lincoln Center mwaka 1994. Humo ndimo Audra McDonald alimopata Tony yake ya kwanza.

Mbona maonyesho mengi ya Kimarekani hufufuliwa London kwanza?

Pesa ni sababu ya kwanza. Kuandaa onyesho la muziki London hugharimu sehemu ndogo tu ya gharama ya Broadway, kwa hiyo mtayarishaji anaweza kujaribu jambo la ajabu bila kuwafilisi wawekezaji. Tangu 2014 Uingereza pia ina unafuu wa kodi kwa maonyesho ya jukwaani.

Ya pili, ambayo mimi naiona ina uzito zaidi, ni umbali. New York, *Cabaret* au *Company* ina watu waliokulia nayo na kumbukumbu za waigizaji wa kwanza. London mwongozaji huyachukua maandishi kama yameandikwa jana. Sam Mendes alipoifufua *Cabaret* katika Donmar mwaka 1993, aliwaketisha watazamaji kwenye meza kama wateja wa klabu ya Berlin. Wazo lile lilifika New York mwaka 1998 likiwa na Alan Cumming na Natasha Richardson, Rob Marshall akishirikiana na Mendes kuliongoza, na likaonyeshwa mara 2,377.

## Haki na fedha

Ruhusa hutoka kwa nani?

Kwanza kwa wenye hakimiliki: mtunzi wa muziki, mwandishi wa maneno ya nyimbo na mwandishi wa hadithi, au warithi wao. Kibali cha London hakibebi kibali cha Broadway. Ni mkataba mwingine, na mara nyingi wenye haki husubiri kuona London imepokelewaje kabla ya kutia saini. Wakati mwingine haki za Broadway zimeshashikwa na mtayarishaji mwingine mwenye mpango wake, na hapo onyesho zuri hukwama bila kosa la mtu.

Pili ni wasanii wa toleo lenyewe. Mwongozaji, mtunzi wa densi na wabunifu huwa na kifungu kinachowapa nafasi ya kwanza ya kuendelea na kazi yao popote itakapokwenda, pamoja na mrabaha wa kila wiki. Ukumbi uliolianzisha onyesho nao hupata fungu lake. Kwa ukumbi wa viti 180, fungu hilo laweza kuwa msaada mkubwa kwa miaka.

Nani anatoa mtaji, na ni kiasi gani?

Mtayarishaji mkuu wa London hutafuta mshirika wa New York anayejua kumbi, vyama vya wafanyakazi na wawekezaji wa kule. Huundwa kampuni ya onyesho hilo moja tu, na wawekezaji hununua hisa ndani yake. Ndiyo maana kwenye ukurasa wa kwanza wa kijitabu cha onyesho unaona majina mengi ya watayarishaji. Wengi wao ni waliochangia au waliochangisha fedha.

*Cabaret* ya Rebecca Frecknall, iliyofunguliwa katika ukumbi wa August Wilson Aprili 2024, ilikuwa na mtaji wa hadi dola milioni 26. Hicho ni kiwango cha juu hata kwa Broadway, na sababu yake imeelezwa katika swali la ukumbi mdogo hapo chini.

Je, wawekezaji hupata faida?

Wengi hawapati. Kila wiki kuna kodi ya ukumbi, mishahara, matangazo na mrabaha. Kinachobaki baada ya hapo ndicho kinachorudisha mtaji, na onyesho likifungwa kabla mtaji haujarudi, kilichobaki ni hasara. *Cabaret* hiyohiyo ilidumu mwaka na miezi, ilikuwa na nyota, ilikuwa na jina, na bado ilifungwa Septemba 2025 bila kurudisha mtaji. Siku inafungwa, toleo mama la London lililoanza Desemba 2021 lilikuwa bado linauza tiketi.

Mfano wa upande wa pili ni *Merrily We Roll Along* katika ukumbi wa Hudson, 2023 hadi 2024. Ilirudisha mtaji wake. Jukwaa lake lilikuwa la kawaida, muda wake ulipangwa mapema, na waigizaji wake wakuu, Jonathan Groff, Daniel Radcliffe na Lindsay Mendez, walikubali kukaa hadi mwisho. Nikiulizwa na mwekezaji nitamwambia alitazame hilo kabla ya kutazama tuzo.

Jimbo la New York husaidia?

Baada ya janga la korona, jimbo lilianzisha mwaka 2021 unafuu wa kodi kwa maonyesho ya jiji la New York: 25% ya gharama zinazokubalika, kwa kawaida hadi dola milioni 3 kwa onyesho. Fungu la mpango mzima lina kikomo, kwa hiyo mtayarishaji mwenye busara hajengi bajeti juu yake peke yake.

## Ukumbi na jukwaa

Ukumbi unapatikanaje?

Kwa kusubiri. Kumbi nyingi za Broadway ziko mikononi mwa kampuni 3: Shubert yenye 17, Nederlander yenye 9, na Jujamcyn yenye 5, ambayo mwaka 2023 iliungana na kampuni ya Kiingereza ya ATG. Nyingine ni za taasisi zisizo za faida kama Roundabout na Lincoln Center Theater. Mwenye ukumbi huchagua mpangaji, na mkataba humpa haki ya kumwondoa mauzo yakishuka chini ya kiwango fulani. Onyesho lenye mafanikio linaweza kukaa London tayari kabisa, likingoja la watu wengine lianguke New York.

Ndiyo maana habari za kwanza husema "litafika Broadway msimu ujao" bila kutaja ukumbi. Usinunue tiketi ya ndege kwa tangazo la namna hiyo.

Onyesho la ukumbi mdogo linaingiaje kwenye ukumbi wa watu elfu moja?

Hili ndilo swali ninalolipenda kuliko yote, kwa sababu ndipo maonyesho hupona au hufa. Kwenye viti 180 mwigizaji akipepesa jicho unaona. Kwenye viti zaidi ya 1,000, aliye ghorofani anaona utosi.

Njia moja ni kupunguza vitu badala ya kuongeza. *The Color Purple* ya John Doyle ilianzia Menier mwaka 2013 na kufika ukumbi wa Bernard B. Jacobs mwaka 2015. Ilikuwa na ukuta wa mbao na viti vilivyotundikwa, basi. Hakuna aliyejaribu kuujaza ukumbi kwa mapambo. Sauti ndiyo iliyoujaza, na Cynthia Erivo, Mwingereza ambaye Broadway haikumjua, akaondoka na Tony ya mwigizaji bora wa kike.

Njia ya pili ni kuubomoa ukumbi ufanane na wa London. *Cabaret* ya Frecknall ilifanya hivyo. Ukumbi wa Playhouse wa London uligeuzwa Kit Kat Club, klabu ya usiku ya kwenye hadithi hiyo, jukwaa la duara likiwa katikati na watazamaji pande zote. New York waliufanyia August Wilson vivyo hivyo. Mtazamaji hakupita mlango mkubwa wa mbele. Aliingizwa kwa kichochoro cha pembeni, kamera ya simu yake ikabandikwa stika, kisha akapita kwenye korido zenye mwanga hafifu na baa ambako wachezaji na wanamuziki walikuwa wameshaanza shughuli zaidi ya saa nzima kabla ya onyesho. Mbunifu Tom Scutt alipata Tony kwa kazi hiyo, na kwa haki kabisa. Lakini ukumbi uliovunjwa huhitaji pesa kuvunjwa, hupoteza viti, na hugharimu tena kurudishwa ulivyokuwa. Nauona uamuzi ule kuwa wa kijasiri kisanaa na mzito mno kibiashara.

Vifaa vya jukwaani husafirishwa?

Vichache. Vifaa vya umeme vya Uingereza ni vya volti 230 na vya Marekani ni volti 120, mbao na vitambaa lazima vikidhi masharti ya moto ya jiji la New York, na vipimo vya majukwaa havifanani. Ni kawaida jukwaa kujengwa upya katika karakana za Marekani, na wanaolifunga ukumbini ni wanachama wa IATSE Local One, chama cha mafundi wa jukwaa. Mavazi ya nyota na vitu vya mkononi vya pekee huweza kuja kwa ndege.

## Watu

Kwa nini waigizaji wote wa London wasiende?

Chama cha waigizaji wa Marekani, Actors' Equity Association, hulinda ajira za wanachama wake. Mwigizaji wa kigeni huruhusiwa kwa njia chache: awe nyota anayejulikana kimataifa, awe na jambo ambalo hakuna Mmarekani anayeweza kulitoa, au abadilishwe, yaani Mmarekani apate kazi London naye aipate New York. Kampuni nzima ya kigeni huweza kukubaliwa, lakini kwa muda wenye kikomo.

Kisa kinachotajwa sana ni *Oklahoma!* ya Trevor Nunn, iliyozinduliwa National Theatre mwaka 1998 na kumwinua kijana wa Australia aitwaye Hugh Jackman. Mpango wa kuipeleka New York na waigizaji wa London ulikwama kwa sababu ya Equity. Ilifika ukumbi wa Gershwin mwaka 2002, waigizaji karibu wote wakiwa Wamarekani, na Patrick Wilson katika nafasi ya Jackman. Josefina Gabrielle na Shuler Hensley walibaki kutoka London, na Hensley akapata Tony.

Wapo wanaouchukia utaratibu huu. Mimi nauelewa. Mwigizaji wa kikosi New York anaishi kwa kazi hizi, na chama cha Uingereza nacho hudai usawa huohuo maonyesho yanapokuja upande wa pili.

Wanaokubaliwa huingia kwa viza gani?

Mara nyingi O-1, ya watu wenye uwezo wa kipekee katika sanaa, au P-2, ya mipango ya kubadilishana wasanii. Mwombaji rasmi ni mwajiri aliyeko Marekani, na faili huambatana na barua ya chama cha wafanyakazi husika. Hapa ndipo kauli ya Equity inaporudi kwa mara ya pili.

Wanamuziki je?

Huajiriwa New York kupitia Local 802, chama cha wanamuziki. Mkataba wake hupanga idadi ya chini ya wanamuziki kwa kila ukumbi. Baada ya mgomo wa siku 4 mwaka 2003, majumba makubwa zaidi yaliteremshwa hadi 18 au 19. Onyesho lililokuwa na bendi ya watu 8 London likiingia jumba kubwa, litaongeza wanamuziki au kuomba kuondolewa sharti hilo kwa sababu za kisanaa, jambo ambalo mkataba unaliruhusu.

*Sweeney Todd* ya John Doyle ilikuwa na jibu lake. Ilianzia ukumbi wa Watermill, nje ya mji wa Newbury, mwaka 2004, ikapita London na kufika Broadway Novemba 2005. Waigizaji 10 walipiga ala wenyewe wakiwa jukwaani; Patti LuPone alibeba tuba. Wazo lilizaliwa kwa uhaba wa pesa katika ukumbi mdogo wa mkoani, na likampa Doyle Tony ya mwongozaji bora.

Nyota akiondoka inakuwaje?

Inategemea onyesho liliuzwa kwa jina la nani. *Evita* ya Michael Grandage, iliyotoka London 2006, ilifunguliwa Broadway Aprili 2012 na Ricky Martin. Mkataba wake ulipokaribia kwisha watayarishaji walitafuta mwingine wa kiwango chake, hawakumpata, na onyesho likafungwa Januari 2013. *Cabaret* ya Frecknall ilijaribu njia ya kubadilisha nyota kila baada ya miezi. Iliendelea kwa muda, kisha ikatangaza kufunga Oktoba 2025. Nyota wa wakati huo alipougua, tarehe ikavutwa hadi Septemba 21.

*Sunset Boulevard* iliweka utaratibu tangu mwanzo: Mandy Gonzalez aliigiza nafasi ya Norma, mhusika mkuu aliyeigizwa na Scherzinger siku nyingine, katika baadhi ya maonyesho yaliyotangazwa mapema. Mtazamaji alijua anamnunua nani.

## Kalenda na tuzo

Huchukua muda gani?

Tazama muda uliopita kati ya uzinduzi wa London na wa Broadway: *Sunset Boulevard* mwaka 1, *Cabaret* zaidi ya miaka 2, *La Cage aux Folles* kutoka Menier miaka 2 na ushei. Ya *Merrily* ni hadithi ya pekee, na iko katika sehemu ya mwisho.

Mbona mengi hufunguliwa Machi na Aprili?

Tony zina tarehe ya mwisho ya kustahiki mwishoni mwa Aprili, na sherehe ni Juni. Onyesho lililofunguliwa Aprili liko kichwani mwa wapiga kura. Ubaya wake ni msongamano: maonyesho hugombea wahakiki, matangazo na wanunuzi katika wiki zilezile. *Sunset Boulevard* ilifungua Oktoba, ikaishi majira ya baridi kwa mauzo yake yenyewe, na bado ikashinda Juni.

Ushindi wa Olivier, tuzo kuu za jukwaa za London, hutabiri ushindi wa Tony?

Hufungua milango ya kumbi na mifuko ya wawekezaji. Kura ni jambo jingine. *Cabaret* ilichukua Olivier 7 mwaka 2022. Kule New York iliteuliwa kwa Tony 9 na kupata 1. *Sunset Boulevard* nayo ilichukua Olivier 7, mwaka 2024, na mwaka uliofuata ikapata Tony 3: onyesho bora lililofufuliwa, mwigizaji bora wa kike kwa Scherzinger, na taa kwa Jack Knowles. Kwa nafasi moja kushinda kotekote, wapo pia Douglas Hodge katika *La Cage aux Folles* na Patti LuPone katika *Company*.

## Kwa mtazamaji

Nimeliona London. Nitaliona lilelile?

Mwili wa onyesho ndiyo, ila hewa yake hapana. Watazamaji wa New York hupiga makofi nyota anapotokea tu, husimama mwishoni karibu kila siku, na hucheka mahali tofauti. Waigizaji hulisikia hilo na kubadilika. Ukumbi ukiwa mkubwa zaidi, kama nilivyoeleza juu ya ukumbi mdogo, uigizaji nao hupanuka. Kama umelipenda London, nenda. Ila usikae ukilinganisha kila hatua.

Tiketi za nafuu zinapatikanaje?

Kuna kibanda cha TKTS Times Square tangu 1973, kinachouza tiketi za siku hiyohiyo kwa punguzo; London kipo Leicester Square. Maonyesho mengi pia yana bahati nasibu ya mtandaoni na tiketi chache za asubuhi kwenye dirisha la ukumbi. Onyesho likiwa katika maonyesho ya awali, kabla wahakiki hawajaandika, bei mara nyingi huwa laini zaidi.

## Yanayotatiza

Onyesho ambalo halijawahi kufika Broadway linaweza kuhesabiwa "lililofufuliwa"?

Linaweza. Kamati ya Tony huangalia kama kazi hiyo imeshakuwa sehemu ya hazina inayojulikana. *Hedwig and the Angry Inch* ilifika Broadway kwa mara ya kwanza mwaka 2014, na ikashinda tuzo ya lililofufuliwa.

Mwongozaji anaruhusiwa kubadilisha maandishi?

Kwa idhini ya mwenye haki tu. Mwongozaji Marianne Elliott alipotaka Bobby, mhusika mkuu wa *Company*, awe mwanamke, aliandaa jaribio la chumbani, akalirekodi na kumpelekea mtunzi Stephen Sondheim alitazame. Sondheim alikubali. Amy, bibi harusi anayeingiwa na hofu siku ya ndoa, akawa Jamie, mwanamume anayeolewa na mwanamume. Onyesho lilifunguliwa Gielgud, London, mwaka 2018, Rosalie Craig akiwa Bobbie. Broadway nafasi ikawa ya Katrina Lenk.

Onyesho likikwama katikati ya safari?

*Company* hiyo ilikuwa katika maonyesho ya awali, izinduliwe Machi 22, 2020, siku Sondheim anatimiza miaka 90. Machi 12 kumbi zote zilifungwa kwa korona. *Caroline, or Change*, iliyotoka Chichester hadi London na Sharon D Clarke, ilikuwa ianze maonyesho ya awali siku iliyofuata. Majukwaa yalibaki gizani zaidi ya mwaka mmoja, na waigizaji hawakujua kama wataitwa tena. Yote mawili yalirudi: *Caroline* ilizinduliwa Oktoba 27, 2021, na *Company* Desemba 9. Sondheim alifariki Novemba 26, siku 13 kabla ya uzinduzi, akiwa ameshaliona katika maonyesho ya awali.

Mwigizaji aliyeahidiwa Broadway akinyimwa?

Mkataba huamua. Mwaka 1993 Patti LuPone aliicheza Norma London, katika *Sunset Boulevard* ya kwanza, akiwa na mkataba wa kwenda nayo New York. Nafasi akapewa Glenn Close. LuPone alilipwa fidia kwa makubaliano. Tangu hapo, wakala yeyote makini husoma kifungu cha uhamisho kwa makini.

Sehemu ya onyesho ikifanyika nje ya ukumbi, nayo inahamishika?

Ilihamishwa. Mwanzoni mwa sehemu ya pili ya *Sunset Boulevard*, kamera ilimfuata Tom Francis kutoka vyumba vya mavazi, akashuka ngazi, akatoka barabarani akiimba, na picha ikarushwa moja kwa moja kwenye skrini ndani ya ukumbi. London alipita mitaa ya jirani na Savoy. New York ilibidi njia yote ipangwe upya kwa Mtaa wa 44, pamoja na walinzi, vipaza sauti na wapita njia. Muda si muda watu wasio na tiketi wakawa wanakuja kusimama kando ya barabara saa hiyo inapokaribia.

Kuna maonyesho mazuri ya London yasiyovuka kabisa?

Mengi. *Follies* ya National Theatre mwaka 2017, iliyoongozwa na Dominic Cooke, ilisifiwa sana na ilirudiwa ukumbini hapohapo mwaka 2019, lakini Broadway haikufika. Ilikuwa na kikosi kikubwa na okestra kubwa, na hesabu ya onyesho kama hilo katika ukumbi wa biashara ni ngumu.

Je, kuna lililochukua muda mrefu kupita kiasi na bado likafaulu?

*Merrily We Roll Along*. Lilipozaliwa Broadway mwaka 1981 lilifungwa baada ya kuonyeshwa mara 16. Maria Friedman, aliyekuwa ameliigiza mwenyewe miaka ya nyuma, aliliongoza Menier mwaka 2012, likahamia West End 2013. Kisha likaenda Boston mwaka 2017, na ukumbi mdogo wa New York Theatre Workshop mwaka 2022, kila mara akiwa na jicho lilelile. Lilipofika Hudson mwaka 2023 lilikuwa limeshapita miaka 11 mikononi mwake. Juni 2024 lilipata Tony 4, pamoja na ile ya onyesho bora lililofufuliwa, na miongoni mwa maonyesho lililoyashinda ilikuwa *Cabaret*, nayo ikiwa imetoka London.